Krisanthemamu kwa balkoni ya Nakuru: venye mimi hufanya zichanue, hatua kwa hatua

Mwaka nilihamia hapa Section 58 niliweka ndoo mbili za krisanthemamu kwa balkoni, miche ya mama mmoja, udongo mmoja, maji nilikuwa nazipea siku moja. Ndoo ya upande wa jikoni ilijaa maua ya manjano mpaka majani hayaonekani, ile ya upande wa ngazi ikaendelea tu kurefuka, majani safi kabisa lakini ua hakuna hata moja. Jirani akaniambia huo mche ni dume niung'oe nitupe. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kwa shamba la maua Naivasha kwa hivyo nilijua lazima kuna sababu, na usiku mmoja stima ikapotea ploti nzima, iliporudi ndo nikaona taa ya ngazi, ile huwaka mpaka asubuhi, imepiga ile ndoo moja kwa moja usoni. Nikaihamisha mahali pa giza. Wiki nane hivi baadaye ikachanua kama dada yake.

Hii maua inahesabu usiku. Ulaya wakati wa kiangazi mchana ni mrefu sana, na mche unakaa tu ukitoa majani na matawi, alafu mchana ukianza kufupika na usiku kurefuka ndo unaanza kufunga vitumba, kwa hivyo inachanua Oktoba na Novemba wakati maua mengine yashamalizwa na baridi. Ndo maana Ufaransa tarehe 1 Novemba watu huzibeba kupeleka makaburini, na Japani wanaipenda mpaka nembo ya mfalme wao ni ua la krisanthemamu lenye petali 16. Sasa sisi tuko karibu kabisa na ikweta, usiku wetu ni kama masaa 12 Januari mpaka Disemba, kwa hivyo huo mche ukiwa Nakuru unajua tu msimu wa mwisho wa mwaka umefika, kila siku. Utasema si hiyo ni baraka, lakini shida ni kwamba mche ukiwa bado kidole kimoja tu unaanza kutoa maua, vitumba viwili vitatu na umechoka. Ukitaka ndoo iliyojaa lazima uudanganye na taa kwanza ukue, alafu uzime. Hiyo ndo kazi yote ya huu mwongozo, mengine ni ya kawaida.

Hatua ya kwanza, chagua tarehe unataka maua alafu uhesabu ukirudi nyuma. Tuseme unataka Krismasi. Aina nyingi huchukua wiki 7 mpaka 10 kutoka siku umezima taa hadi ua kufunguka, kwa hivyo zima katikati ya Oktoba. Kabla ya hapo mche unataka wiki nne hivi chini ya taa, na kabla ya hapo tena, wiki mbili au tatu za kutoa mizizi. Yaani unaanza wiki ya mwisho ya Agosti. Andika kwa kalenda ya ukutani, usiseme utakumbuka.

Hatua ya pili ni vipandikizi. Ukinunua mche kwa nasari za barabarani ama ukiomba kwa mtu, chukua ncha changa ambazo hazijafunga kitumba, urefu wa sentimita 7 mpaka 10, kata na wembe safi, toa majani ya chini ubaki na matatu ama manne ya juu. Chomeka kwa mchanga wenye unyevu, funika na karatasi ya nailoni, weka kivulini. Na hata hapa washa taa jioni, kwa sababu hata kipandikizi bila mizizi kinahesabu usiku.

Udongo sasa. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo mweusi, moja ya mbolea ya ng'ombe iliyoiva vizuri (ukiinusa isikuchome pua), na moja ya pumisi, yale mawe mepesi ya volkano ambayo huku kwetu si ngumu kupata, hata grinhausi za Naivasha wanapandia hayo. Pumisi inafanya maji yasisimame, na krisanthemamu ikisimama kwa maji inaoza mizizi. Ndoo ya rangi ya lita 10 inatosha miche mitatu, itoboe chini matundu matano sita. Mashimo ya pembeni peke yake hayasaidii.

Hatua ya taa. Balbu ya LED ya wati 9, ile ya mwanga wa njano, ninginiza kama mita moja juu ya ndoo. Kwa shamba tulikuwa tunawasha katikati ya usiku, saa nne mpaka saa nane, ili usiku ukatike vipande viwili na mche uone ni kama hakukuwa na usiku mrefu. Nyumbani kama huna taima washa tu jua likizama uache mpaka saa tano ukienda kulala, inafanya kazi vilevile. Hiyo balbu haili tokeni nyingi. Kitu huwezi kufanya ni kusahau siku tatu mfululizo, mche ukishaamua kutoa ua kuurudisha nyuma ni kazi kubwa.

Ukiwa chini ya taa na umefikisha majani sita hivi, kata ncha. Najua inauma, umelea mche mwezi mzima alafu unakata kichwa, lakini ukiikata kwa vidole juu ya jani la tano, baada ya siku kama kumi utaona kwapani mwa kila jani kumetoka kijitawi kidogo cha kijani chepesi, na hapo ulipokuwa na shina moja uko na manne. Mamangu alikuja kutoka Molo nikiwa nafanya hiyo kazi, akachukua ncha moja nilikuwa nimetupa, akaisugua kwa vidole akanusa, akasema, "Mwanangu, hii si ni ndugu ya pareto?" Na ni kweli, ni za ukoo mmoja. Alichuma pareto tangu akiwa msichana, ile harufu chungu hawezi kuikosea. Alibaki na ile ncha mkononi mpaka chai ikapoa.

Wiki mbili baada ya kukata ncha, zima taa. Na ukizima, zima kabisa. Hapa ndo watu wengi wa mjini wanakosea kwa sababu giza la mtaani si giza: kuna mulika mwizi, kuna taa ya geti, kuna dirisha la sitting room bila pazia. Toka nje saa tatu usiku usimame penye ndoo iko, ukiweza kusoma gazeti hapo basi hapo si mahali. Kama huna pengine, funika na katoni ama kitambaa kizito cheusi saa moja jioni, ufunue saa kumi na mbili asubuhi, kila siku mpaka vitumba vianze kuonyesha rangi. Usichelewe kufunua, jua likipata mche bado umefunikwa unachemka humo ndani.

Vitumba vikitokea uko na uamuzi. Ukitaka ua moja kubwa kwa kila tawi, toa vitumba vya pembeni vikiwa saizi ya punje ya mtama, acha cha katikati. Ukitaka kichaka cha maua mengi, fanya kinyume, toa cha katikati ili vingine vifunguke pamoja. Mimi napenda ya pili, kwa balkoni inajaza macho.

Maji mwagilia asubuhi, kwa udongo na si kwa majani, ukiona kidole kikiingia kavu. Majani yakilala na maji utapata kutu nyeupe, geuza jani uangalie chini, utaona vivimbe vyeupe vya krimu. Toa hayo majani uchome, usiyaweke kwa mboji. Mbolea ni NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwa lita mbili za maji kila wiki, na uache kuipea mbolea vitumba vikianza kuonyesha rangi. Vidukari huja kwa ncha changa, maji ya sabuni yanatosha, na vikizidi kuna dawa ya pareto, ila piga jioni nyuki wakishaenda kulala, tena jua huiharibu haraka. Upepo wa mchana wa hapa Nakuru unavunja matawi, weka vijiti mapema.

Walio Kisumu, kwenu joto la usiku huchelewesha maua na rangi ya waridi na zambarau hupauka. Jaribuni za manjano na nyeupe, na mahali penye upepo wa ziwa.

Kama uko na paka ama mbwa weka ndoo juu, haya majani si mazuri kwao. Utomvu pia huwasha ngozi za watu wengine.

Maua yakifunguka usiyaache jua la saa nane, kivuli cha mchana kinayaongezea siku. Ukikata ya kuweka mezani kata asubuhi, toa majani yote yatakayoingia majini, badilisha maji kila siku mbili na utakaa nayo wiki mbili bila wasiwasi. Mimi huacha ndoo moja bila kukata hata ua, naweka kiti hapo jioni na kikombe changu, taa ya balkoni naizima kwa sababu ndoo za nyuma bado zinahesabu, na manjano huonekana hata giza likiingia.

Ua la mwisho likinyauka kata matawi yote ubakishe sentimita 10. Kutoka chini kwa mizizi vitatokea vichipukizi vipya vinene, hivyo ndo vipandikizi vyako vinavyofuata. Washa taa.