Dawa ya minyoo kwa kansa ya kongosho? Namna ninavyopima dai kabla ya kufungua boksi

Wiki haipiti bila mtu kunielekezea simu juu ya kaunta. Ninauza dawa Kamalondo, hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Juzi alikuja papa mmoja, kofia mkononi. Mke wake ana kansa ya kongosho. Kwenye WhatsApp alikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne uliosema ivermektini, dawa ya minyoo, inaimaliza kansa hiyo ndani ya mwezi, na kwamba makampuni yanaficha kwa sababu ni dawa ya bei ya chini. "Dokta, nipe boksi kumi." Mimi ni mfamasia tu, lakini kwetu kila anayesimama nyuma ya kaunta ni dokta.

Sikumcheka, na sikumuuzia. Nilivuta kiti, nikafungua kaye, yaani daftari. Ninaandika hapa tulichofanya siku ile, kwa wenzangu wa depo na famasi, na kwa familia zenye mgonjwa nyumbani. Unahitaji kaye, kikokotoo cha simu, karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, na saa moja bila haraka.

Kwanza tumtendee haki yule papa: wazo lenyewe lina historia. Dawa ya kwanza kabisa ya kemo ilitokana na gesi ya haradali, silaha ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walijaribu kemikali ya ukoo wake kwa mgonjwa wa limfoma, kansa ya tezi, mwaka 1942. Thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi, ikaondolewa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vifupi. Mwaka 2006 Marekani iliiruhusu kwa myeloma, kansa ya uboho. Na kuna aseniki, sumu ya hadithi za kale. Madaktari wa Harbin, China, waliitumia miaka ya 1970 kwa lukemia ya promielositi, kansa ya damu ambayo huua kwa kuvujisha damu ndani ya siku chache. Utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa 2013 uliichanganya na dawa itokanayo na vitamini A, kwa wagonjwa wasio katika kundi la hatari kubwa: baada ya miaka miwili, 97 kati ya 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa. Waliopewa kemo ya kawaida pamoja na dawa hiyo ya vitamini A walikuwa 86.

Kwa hiyo sikumwambia papa "haiwezekani". Nilimwambia tuhesabu.

Hatua ya 1: Andika dai kwa sentensi moja iliyokamilika

"Ivermektini inaua kansa" bado si dai. Andika dawa gani, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa kansa ipi, ya hatua ipi, pamoja na tiba gani nyingine, na ni nani aliyepona. Ujumbe wa papa ulijaza mahali pawili tu kati ya hapo: jina la dawa na aina ya kansa. Pengo lolote liache wazi kwenye kaye, usilijaze kwa kukisia. Mara nyingi kazi huishia hapa hapa, maana mwenye dai mwenyewe hajui.

Hatua ya 2: Uliza alipona nani

Kuna seli kwenye sahani ya maabara, kuna panya, kuna mtu mmoja mwenye ushuhuda, kuna kundi la wagonjwa, na kuna kundi lililogawanywa kwa kura, nusu wakapewa dawa na nusu wakakosa. Hii ya mwisho ndiyo ninayoitafuta. Nyingine zote zinanipa sababu ya kuendelea kusoma, sio ya kufungua boksi.

Ushuhuda wa mtu mmoja ndio unaoteka watu. Yule Mmarekani wa Oklahoma aliyesema dawa ya minyoo ya mbwa, fenbendazoli, ilimponya kansa ya mapafu, wakati huo huo alikuwa kwenye jaribio la hospitali la dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa. Sehemu hiyo haikusafiri na hadithi. Korea Kusini watu waliikimbilia dawa hiyo mwaka 2019, na tangu hapo madaktari wameandika kuhusu wagonjwa walioharibika ini.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya damu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo madai mengi yanapofia, na anayejua kugawanya anaweza kuifanya.

Maabara huripoti kiasi cha dawa kilichoua seli kwa kipimo cha mikromola, yaani hesabu ya molekuli za dawa katika lita moja. Kazi yako ni kujua kama damu ya mtu aliyemeza dawa hufika hapo. Tuchukue ivermektini.

Maelezo rasmi ya dawa yanasema mtu akimeza miligramu 12, kilele cha dawa kwenye majimaji ya damu ni wastani wa nanogramu 46.6 kwa mililita. Uzito wa molekuli yake ni kama 875. Gawanya 46.6 kwa 875, unapata 0.053. Hizo ndizo mikromola zilizomo kwenye damu.

Sasa rudi kwenye tafiti za sahani. Nyingi hutumia mikromola 5 au zaidi. Gawanya 5 kwa 0.053: ni kama mara 94. Hata tukidhani damu inapanda sawasawa na kipimo, ili kufika pale mtu angehitaji miligramu 1,128 kwa mkupuo, yaani vidonge 376 vya miligramu 3. Tena sehemu kubwa ya ivermektini iliyo katika damu imeshikwa na protini, iliyo huru ni kidogo.

Papa alizunguka ile 376 kwa kalamu, akaniangalia.

Nilimweleza kwamba dawa hii kwa kipimo chake ni rafiki wa nchi yetu: imegawiwa vijijini kwa upofu wa mto kwa miaka mingi, na wavumbuzi wake walipata Nobel mwaka 2015. Ikizidi inaingia kwenye ubongo: kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu. Na mtu aliyekulia kwenye misitu ya Kongo-Kati au Equateur, mwenye minyoo ya loa nyingi kwenye damu, anaweza kupata madhara ya ubongo hata kwa kidonge cha kawaida. Lubumbashi ina watu wa kila jimbo, kwa hiyo swali la "ulikulia wapi?" ninaliuliza kila siku.

Jaribu mwenyewe hesabu hiyo kwa metfomini, dawa ya sukari. Tafiti nyingi za sahani hutumia milimola 10; damu ya mgonjwa wa sukari ina kama mikromola 10. Tofauti ni mara elfu.

Hatua ya 4: Tafuta jaribio lililoshindwa

Habari ya kushindwa haisambazwi na mtu. Itafute kwa makusudi: andika jina la dawa, jina la kansa na neno la jaribio, kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha pitia ClinicalTrials.gov na Pan African Clinical Trials Registry. Hizo ni rejista za wazi na hazilipiwi. Pia kuna mradi wa Ubelgiji wa Anticancer Fund unaokusanya dawa za zamani zenye dalili ya kusaidia kwenye kansa. Orodha yake imepita dawa 200. Usiichukue kama menyu. Ni orodha ya maswali.

Metfomini ile ile ilijaribiwa kwa watu 3,649 wenye kansa ya matiti, na matokeo yalitoka 2022: haikuzuia ugonjwa kurudi. Disulfiramu, dawa ya kumchukiza mlevi pombe, ilipendeza sana maabara kwa glioblastoma, kansa kali ya ubongo. Norway na Sweden wakaijaribu pamoja na shaba kwa wagonjwa 88 ambao kansa ilikuwa imerudi. Haikurefusha maisha, na madhara makubwa yaliongezeka.

Asprini ndiyo inayonifundisha zaidi. Kwa kansa ya matiti, jaribio la watu 3,020 halikuona faida. Kwa kansa ya utumbo mpana yenye badiliko la jeni liitwalo PIK3CA, miligramu 160 kila siku kwa miaka mitatu baada ya upasuaji zilipunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Hiyo ilichapishwa 2025 na watu wa nchi za Skandinavia. Kidonge ni kile kile. Ndiyo maana hatua ya 1 inadai jina kamili la kansa, na ndiyo maana anayeniambia "asprini inatibu kansa" ninamuuliza karatasi ya jeni iko wapi.

Hatua ya 5: Orodhesha kila kinachomezwa nyumbani

Hatua hii niliilipia. Miaka ya nyuma mama mmoja aliomba dawa ya fangasi za mdomoni kwa mtoto wake wa miaka saba. Nikampa ketokonazoli ya vidonge, nikahesabu falanga, nikaendelea na mteja mwingine. Sikuuliza mtoto anatibiwa nini. Alikuwa anadungwa vinkristini, dawa ya kemo, kwa kansa iliyovimbisha taya. Ketokonazoli hukifungia mlango kimeng'enya cha ini kinachovunja vinkristini, dawa ikabaki mwilini kama vile kadungwa zaidi. Baada ya siku kumi mama alirudi: mtoto hajaenda choo siku sita, na akitembea vidole vya miguu vinakokota chini. Miguu ilipona, kwa miezi. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikaa.

Tangu hapo ninasema: leta mfuko wote. Mwaga hapa juu ya kaunta. Dawa za virusi zenye ritonaviri zinafunga mlango huo huo. Kotrimoksazoli, ambayo wenye VVU wengi humeza kila siku, ikikutana na methotrekseti, dawa nyingine ya kemo, inaweza kushusha chembe za damu vibaya. Majani ya kuchemsha nayo yaandike, hata kama jina ni la Kiluba au Kibemba tu.

Hatua ya 6: Peleka ukurasa kwa daktari anayetibu

Mgonjwa akificha, daktari ataona vipimo vya ini vimepanda asijue kwa nini, na huenda akasimamisha tiba iliyokuwa inafanya kazi. Mpe ukurasa, usimpe simu. Maneno ninayowafundisha ni haya: "Dokta, tumesikia dawa hii. Hatujaanza. Tumeandika hesabu hapa, tunaomba utuandikie ndiyo au hapana." Wengi hukasirikia ujumbe wa WhatsApp, sijaona anayekasirikia kaye. Anayetibiwa ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, apige picha ukurasa na autume kabla ya safari.

Hatua ya 7: Jibu likiwa ndiyo

Dawa moja kwa wakati mmoja. Vipimo vya damu, ini na figo kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kwa tarehe ambazo daktari ameandika. Na tarehe ya kuacha iandikwe siku ya kuanza, pamoja na kitakachoangaliwa siku hiyo: picha, uzito, au kiasi cha maumivu.

Papa alirudi Jumamosi. Daktari alikuwa ameandika neno moja, hapana, na chini yake mistari miwili: morfini ya maji ya kunywa kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo. Morfini aliipata hospitali. Ya choo alinunua kwangu, akaniambia mke wake alikuwa amelala usiku mzima wa Alhamisi, na asubuhi akaomba uji.