Kuandaa Ziara ya Masomo ya Akiolojia na Volkano: Kutoka Ol Doinyo Lengai hadi Laetoli

Mhadhiri wa Kampala, Nairobi au Goma anayetaka wanafunzi wake wajifunze akiolojia na jiolojia ya volkano kwa pamoja, nje ya nchi yao, hana haja ya kuvuka bahari. Kaskazini mwa Tanzania, kati ya Ziwa Natron na Laetoli, masomo hayo mawili yamelala katika majivu yale yale, na wiki moja ya kazi za uwandani inatosha kuyaona yakikutana.

Jambo la kwanza kuamua ni mpangilio wa vituo. Ziara nyingi huanzia Oldupai, korongo lenye mabaki ya binadamu wa kale, kwa sababu ya umaarufu wake, nami ninashauri kinyume chake: anzeni kwenye mlima ulio hai, kisha mrudi nyuma kuelekea zama za kale. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika majivu ya volkano mkononi huliona tabaka la kijivu kwenye ukuta wa korongo kuwa udongo tu kama udongo mwingine, ilhali tabaka hilo ndilo saa ambayo wanaakiolojia huitegemea.

Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu, ndio volkano pekee inayojulikana kutoa katika zama hizi zaha (lava, yaani mwamba ulioyeyuka) ya kabonati yenye sodiamu na potasiamu nyingi. Zaha hiyo hutoka ikiwa nyeusi na nyepesi, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, takriban nusu ya joto la zaha ya kawaida, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Mwaka 2007 mlima ulilipuka kwa nguvu na kumwaga majivu, na mlipuko huo uliendelea hadi mwaka 2008. Sishauri kundi la wanafunzi lipande hadi kileleni, kwa kuwa mteremko ni mkali na somo lililo chini linatosha. Waongozeni kwenye kingo za vijito vilivyokatwa na mvua, wapime unene wa kila tabaka la majivu, waandike rangi na ukubwa wa chembe, na wachore mahali tabaka moja linapokoma na jingine kuanza. Karibu na hapo, Engare Sero, kuna nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa aina yetu, zilizokanyagwa katika tope la majivu maelfu ya miaka iliyopita. Ombeni kibali na mwongozaji kutoka kijijini, maana wenyeji ndio waliozijua kwanza.

Ukingo wa Ngorongoro unahitaji nusu siku tu: wanafunzi waone kaldera, yaani shimo kubwa lililobaki volkano ilipoporomoka, yenye upana wa kilomita 19 hivi, na waelewe kwamba nyanda za juu za Ngorongoro, ukiwemo mlima Olmoti, ndizo zilizotoa majivu mengi ya matabaka ya chini ya Oldupai.

Oldupai mtenge siku mbili kamili. Mwaka 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey alipata hapo fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililoitwa Zinjanthropus, na mumewe Louis alilikadiria kuwa na umri wa miaka 600,000. Mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na argoni vilitoa miaka milioni 1.75. Waelezeni wanafunzi, wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wenyewe, kwamba fuvu halikupimwa: kilichopimwa ni madini ya volkano katika tabaka lililokuwa pamoja nalo, kwa kuwa gesi ya argoni hutoroka mwamba ukiwa umeyeyuka, kisha huanza kukusanyika upya, ikitokana na potasiamu, mwamba unapoganda. Wapangeni wawili wawili, mmoja wa akiolojia na mmoja wa jiolojia, wakitumia daftari moja. Wachore ukuta kabla ya kuingia makumbusho, ili wasinakili mchoro wa mwingine.

Kuhusu taratibu, tofautisheni mapema ziara ya masomo na utafiti, kwa sababu utafiti huhitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania), na malikale zinalindwa na sheria ya mwaka 1964. Asiokote mtu jiwe wala mfupa. Wasilianeni pia na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kila mmoja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chagueni miezi ya Juni hadi Oktoba, kwani masika huharibu njia ya Natron. Joto la bondeni ni kali na vumbi la majivu huumiza kifua, hivyo barakoa na maji ya kutosha si anasa.

Laetoli iwe ya mwisho, na wanafunzi waambiwe mapema kwamba nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu zilizofukuliwa mwaka 1978, zenye umri wa miaka milioni 3.66 hivi, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Nakala zake zioneni kwenye makumbusho ya Oldupai siku iliyotangulia. Pale Laetoli swali liwe moja: majivu makavu yaliwezaje kushika unyayo? Manyunyu yaliyalowesha, yakagumu kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Chanzo chake kimetajwa kwa muda mrefu kuwa mlima Sadiman, ingawa wanajiolojia wengine wanapinga. Kila jozi iandike hoja yake juu ya mvutano huo, kwa ushahidi iliouchora yenyewe tangu Lengai, na iikabidhi kabla ya basi kufika mpakani.