Zawadi za Unguja kwa watu kumi ndani ya nusu kilo: mi nafanyaga hivi

Mambo vipi wadau. Mi naishi Mwanza na kazi inanipeleka Unguja mara tatu nne kwa mwaka, na kila nikisema tu naenda Zanzibar basi ofisini, mtaani, kanisani, mpaka dada wa genge, wote ni "usinisahau zawadi". Miaka ya mwanzo nilikua narudi na begi limevimba kama nimehama nyumba, nalipia kilo zilizozidi pale kaunta, na bado kuna mtu ananuna. Sa hivi narudi na begi lilelile nililoendea. Ntawaelekeza navofanya, na siri yenyewe ni ndogo: acha kumtafutia kila mtu kitu chake, nunua kitu kimoja kizuri kwa kipimo alafu ugawe mwenyewe.

HATUA YA 1: Orodha kabla hujapanda boti

Andika majina kwenye simu, gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale wa lazima wapate kitu cha peke yao (mama, mama mkwe, shoga yako wa damu), wasizidi watatu. Fungu la pili ni wengine wote, hao wanapata pakiti zinazofanana, na kufanana ndo kunaokoa, maana wakikutana wakalinganisha hakuna wa kusema mbona yule kapewa kikubwa.

Alafu angalia utarudije. Boti ya kwenda Dar ni kama saa mbili na hawasumbui sana kwa mzigo wa mkononi, ila vile vindege vidogo vya propela vingi vinakupa kilo 15 tu na hapo humo ndani kuna nguo zako na viatu. Mi nikishapanga vitu vyangu najiachia kilo mbili za zawadi, basi, ikizidi hapo nimejitakia.

HATUA YA 2: Nenda Darajani, na uende asubuhi

Maduka ya ndani ndani ya Mji Mkongwe yana viungo vimeshafungwa kwenye vikapu vidogo vya ukindu, vinapendeza kweli, ila pale unalipia kikapu na picha, humo ndani mara nyingi ni vya kusaga ambavyo hujui vimesagwa lini wala vimechanganywa na nini. Sokoni Darajani unapimiwa. Unaomba robo, nusu robo, unachagua kwa mkono wako.

Kwa watu kumi mi nachukua robo ya iliki, karafuu gramu 150, na mdalasini wa vijiti gramu 100. Piga hesabu: nusu kilo kamili. Kila mtu anapata iliki gramu 25, karafuu 15 na mdalasini 10, ambayo ukiiweka kwenye kiganja inaonekana kidogo lakini ni chai ya maziwa ya wiki kadhaa na pilau mbili tatu juu. Iliki ndo itakula hela kuliko vyote, usishtuke ukitajiwa bei, na huyo iliki ndo watu watakukumbukia.

Chukua nzima nzima, usichukue ya unga. Nzima inatunza harufu muda mrefu na haidanganyi.

HATUA YA 3: Kuchagua, hapa usiwe na haraka

Iliki: unataka ganda la kijani lililofumba. Pasua moja pale pale mbele ya muuzaji, hakuna atakaekasirika kama ni mtu wa haki, punje za ndani ziwe nyeusi na zinanatanata kidogo. Zikiwa za kahawia na zimekauka kama mchanga, hiyo imeshakaa. Kuna mzee mmoja mi ndo nilijifunzia kwake, nilimpa shikamoo nikaanza kuchota kwenye fungu la bei rahisi, akanishika mkono, "Mwanangu, hiyo ishapauka, hiyo mpelekee mtu usompenda." Nimekua mteja wake tangu siku hiyo.

Karafuu: bonyeza kichwa chake kwa ukucha, mafuta yanatakiwa yaonekane, kidole kibaki kinanukia mpaka jioni. Kama una mashaka nenda nazo chache hotelini uzitupie kwenye glasi ya maji, nzuri inazama au inasimama wima, iliyokamuliwa mafuta inaelea imelala. Na nunua hizo gramu chache za zawadi tu, usijifanye mjanja ukabeba kiroba, kule karafuu ni mali inayosimamiwa na serikali kupitia shirika lake la ZSTC, na magendo ya karafuu ni kesi, siyo utani.

Zafarani: achana nayo. Zanzibar haioti zafarani, na zile nyuzi za rundo kubwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni ua lingine kabisa, litakupa rangi ila ladha hakuna. Vanila sawa, ila ipinde kwanza, ikivunjika kama kijiti rudisha.

HATUA YA 4: Wale watatu wa peke yao

Kanga, na kanga utazikuta mtaa wa Mchangani mpaka uchoke. Doti moja niliipima kwa mzani wa jikoni ikaja gramu mia tatu na kitu, kwaiyo mbili tatu hazikuumizi. Kwa mzazi peleka doti nzima, tena usiikate, atakata na kupinda mwenyewe. Kwa mashoga wawili walioshibana unaweza kukata doti moja kila mmoja akapata upande wake, jina lipo kwenye kila upande, wakavaa sare na wewe umebeba nusu ya uzito.

Ila SOMA JINA. Narudia, soma jina la kanga kabla hujalipa. Mi mwaka fulani nilichagua kwa rangi tu, chungwa na nyeusi, maua yametulia, nikampelekea wifi yangu kwa moyo mweupe kabisa. Kaifungua sebuleni mbele ya watu, mtoto wa darasa la tatu ndo kwanza kajua kusoma, akasoma kwa sauti: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Nyumba ilinyamaza. Wifi aliniangalia mi nikaangalia feni. Mama mkwe ndo aliniokoa maana alicheka mpaka akatoa machozi, lakini ile kanga sijawahi kuiona imevaliwa mpaka leo. Sa hivi nachukua za aina ya "Wema hauozi", au "Nani kama mama" kwa wazazi, na muuzaji namwambia kabisa nampelekea nani, wale wanajua ipi ni ya kheri na ipi ni ya ugomvi kuliko sisi wa bara.

Kama mtu wako havai kanga, mpelekee udi kidogo au ubani, uzito wake hauhesabiki, ila hakikisha ana chetezo, la sivyo utaishia kumnunulia na chetezo, nacho ni udongo na kinavunjika. Sabuni za mwani za kina mama wa pwani ya mashariki kule Paje nazo ni ndogo na nzuri sana. Mafuta ya karafuu ni kichupa kidogo tu, ila kwenye begi la mkononi la ndege za kimataifa kisipite mililita 100.

HATUA YA 5: Usivobeba

Halua. Najua, naipenda na mimi, ila ni sukari na samli, nzito, na ikipata joto inavuja, nguo zangu ni mashahidi. Nunua ya kula wewe pale pale na kahawa.

Vinyago vya mpingo: mpingo ni mti unaozama kwenye maji, hebu fikiria begi lako.

Makombe, matumbawe na chochote cha ganda la kasa, hapana kabisa. Kasa analindwa na sheria na biashara ya ganda lake kimataifa imekatazwa, utanyang'anywa eapoti na maelezo juu. Na kama unapitiliza kwenda nje, nchi kama Australia na New Zealand hata hizo iliki lazima uzitaje kwenye fomu, zitaje tu.

HATUA YA 6: Kufunga

Hii naifanya usiku wa mwisho hotelini nikiwa nimekaa chini. Nabeba kutoka nyumbani bahasha ndogo za kaki, stepla na kalamu ya maka. Natandaza kanga yangu, namwaga viungo mafungu kumi kwa macho, kijiti cha mdalasini kinaingia mwisho, nakunja mdomo wa bahasha mara mbili, napiga stepla. Juu naandika jina la mtu, siandiki "zawadi". Jina linafanya ionekane ulimkumbuka yeye ukiwa kule, na kusema kweli ulimkumbuka.

Bahasha zote ziingie kwenye kopo moja la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Usiposikia hili basi nguo zako zote mpaka soksi zitanukia karafuu mwezi mzima. Kanga zivingirishe uzizungushie kopo, lisigongwe.

HATUA YA 7: Funga mbili zaidi, bila jina

Kuna jirani aliyekutunzia funguo ukamsahau kwenye orodha, na kuna mtu atakuja kukusalimia akukute unagawa. Safari iliyopita zangu mbili za ziada ziliisha kabla sijavua viatu, moja alichukua bodaboda aliyenitoa eapoti, alisema begi langu linanukia pilau.