Kubadilisha Wosia Ulioandikwa: Pesa Huenda Wapi?

Habari zenu wanachama. Somo la leo ni la wale walioandika wosia zamani, mambo yakabadilika, na sasa wanaogopa kuugusa kwa sababu ya pesa za wakili. Nazungumzia Kenya, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160.

Kifungu cha 17 kinakuruhusu kubadilisha au kufuta wosia wako wakati wowote, maadamu akili ni timamu. Sheria haikulazimishi kuusajili popote, wala kumwajiri wakili. Kwa hiyo unaweza kutumia pesa za kuchapa tu.

Hatua ya 1. Toa wosia wa asili, usome wote, kisha weka kalamu mbali. Hapa ndipo hasara huanza. Mzee anakata mstari wa ploti ya Kitengela, anaandika juu yake jina la kitinda mimba, anatia sahihi peke yake, anarudisha karatasi sandukuni. Kwa kifungu cha 20, badiliko hilo ni bure. Ili liwe na nguvu lazima atie sahihi karibu nalo, na mashahidi vilevile, kama walivyofanya siku ya wosia wenyewe. Kalamu ya shilingi 20 inaweza kuwapeleka watoto mahakamani miaka.

Hatua ya 2. Chagua nyongeza au wosia mpya. Kama unabadilisha msimamizi tu, nyongeza ya ukurasa mmoja inatosha. Mawakili huiita kodisili. Mambo yakiwa mengi, andika upya na uanze hivi: "Nafuta wosia wote na nyongeza zote nilizoandika awali." Mimi nyongeza ya pili siipendi kabisa, maana karatasi tatu huzaa ubishi wa ipi inafuta ipi.

Hatua ya 3. Tafuta mashahidi wawili. Kila mmoja akuone ukitia sahihi, naye atie yake mbele yako. Si lazima waje pamoja, lakini kuwaita siku moja kunapunguza maneno. Hawalipwi, chai na mandazi yatosha. Asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake, la sivyo zawadi hiyo itaanguka, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasio na maslahi.

Hatua ya 4. Ukitaka wakili, ulizia bei kabla hajafungua faili: ni ya nyongeza au ya wosia mzima? Kuuhifadhi kunalipiwa? VAT imo? Kwa mfano, mkikubaliana shilingi 10,000 na VAT ya asilimia 16 haimo, utalipa 11,600. Aliyeandika wosia wa kwanza huenda akapunguza, kwani faili lako analo. Omba, si aibu.

Maswali

Mwalimu, niliandika wosia nikiwa kapera, sasa nina mke. Nyongeza itatosha?
Hongera bwana, lakini wosia ule umefutwa na ndoa, kifungu cha 19, isipokuwa uliandikwa ukitaja kwamba unatarajia kumuoa mtu fulani. Andika mpya.

Na sisi tulioachana?
Talaka haifuti wosia, dada. Kama jina lake limo, limo. Libadilishe wiki hii.

Baba amepooza mkono na wosia wake ni wa maandishi. Atamke tu mbele yetu?
Hapana, wosia wa mdomo haufuti wa maandishi. Aweke alama, au amwagize mtu amtilie sahihi mbele yake, na mashahidi wawili wawepo.

Nikimlipa wakili mzuri, naweza kumtoa mwanangu mkaidi?
Kumtoa kwenye karatasi unaweza. Ila kifungu cha 26 kinampa njia ya kuiomba mahakama imtengee fungu, na wakili wa kesi hiyo hatakuwa wa bei ya nyongeza.

Sisi Waislamu je?
Mirathi yenu hufuata sheria ya Kiislamu, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Muulizeni kadhi kabla ya kulipa mtu yeyote.