Nairobi kwa Siku Moja na Watoto

Anzeni na KICC, lile jumba refu la mikutano, asubuhi, kabla mikono haijajaa mizigo. Lina ghorofa 28, na juu kabisa mnaliona jiji lote. Vaeni masweta; sisi watu wa Tanga tulitetemeka mwezi wa saba huku wenyeji wakitucheka.

Kisha tembeeni hadi Soko la Jiji, Mtaa wa Muindi Mbingu, mkatafute viondo, vile vikapu vya kusuka. Kiondo cha katani kipindue, uvute ukingo: kilichosukwa vizuri hakilegei. Mimi nilitajiwa elfu mbili. Nikaguna, nikamuuliza mama muuzaji habari za wajukuu, tukacheka, nikaondoka nacho kwa elfu moja na mia mbili. Ila piga hesabu kwanza! Hizo ni shilingi za Kenya. Kichwani mwangu zilikuwa za kwetu Tanzania, na baba watoto hajanisamehe mpaka leo.

Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, Kenya imeipiga marufuku tangu 2017.

Jioni matatu, yaani daladala za Kenya, hujaa na nauli hupanda. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Ondokeni mjini kabla ya saa kumi, mdogo akiwa bado anatembea mwenyewe.