Jinsi ya kutambua mboji ya udongo wa juu ukiwa shambani: mfano wa Usambara Magharibi

Watu wengi wakiona udongo mweusi husema papo hapo kwamba una mboji nyingi. Si lazima. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunasa viatu masika, mara nyingi una mboji kidogo kuliko udongo wa kahawia-nyekundu ulio chini ya msitu huko Lushoto. Rangi ni ushahidi mmoja tu. Ushahidi mzito zaidi ni jinsi mboji ilivyochanganyika na udongo, na ni viumbe gani vilivyoichanganya: nyungunyungu, mchwa, vidudu vidogo au kuvu.

Nachukua mfano wa Usambara Magharibi, milima ya Lushoto kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kwa kuwa kuna msitu wa asili wa Magamba, miti ya kupandwa ya misindano na misaiprasi upande wa Shume, na mashamba ya mahindi na maharage miteremkoni. Ukilinganisha sehemu hizo tatu, utaelewa haraka.

Vifaa: beleshi, kisu, rula, chupa ya maji ya kunyunyizia, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, kitabu cha rangi cha Munsell (chenye vibandiko vya rangi vya kulinganisha na udongo), mifuko safi na daftari.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Simama mbali na njia, kichuguu, shina la mti na mahali palipochomwa moto. Andika uko sehemu gani ya mteremko: juu, katikati au bondeni. Hili si jambo dogo kwa Lushoto. Mvua hukokota udongo wa juu kutoka mashamba ya juu na kuurundika bondeni, kwa hiyo tabaka nene jeusi la bondeni linaweza kuwa mali ya shamba la jirani aliye juu, si kazi ya mimea iliyoota pale.

Hatua ya 2: Fungua takataka za majani kwa mkono

Hapa usiwe na haraka, na usitumie beleshi kwanza. Piga magoti, weka alama ya mraba wa sentimita 30 kwa 30, kisha inua majani tabaka kwa tabaka.

Juu kabisa kuna majani mazima. Bado unaweza kusema hili ni la mti gani. Chini yake kuna vipande vilivyotafunwa na kulainika, mara nyingi vimeshikamana kwa nyuzi nyeupe au za njano za kuvu. Chini zaidi panaweza kuwa na tabaka jeusi-kahawia ambalo jani halitambuliki tena. Chukua kidogo cha hilo, lilowanishe, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa laini, lenye utelezi, bila chembe za mchanga, bado uko kwenye mboji tupu. Ukihisi mikwaruzo, umeshaingia kwenye udongo wenye madini. Pima unene wa kila tabaka na uuandike, hata kama ni nusu sentimita.

Sasa tumia lenzi. Ndani ya tabaka hilo la chini utaona vipunje vidogo sana vya kahawia: ni kinyesi cha utitiri na vidudu wengine wanaokula majani yaliyooza. Vikiwa vingi, hao ndio mafundi wa mahali hapo, si nyungunyungu.

Hatua ya 3: Kata ukuta wa udongo

Chimba hadi sentimita 40 hivi, kisha nyoosha ukuta mmoja kwa kisu. Tazama mpaka kati ya mboji na udongo. Umekatika ghafla, au umefifia polepole? Bandua bonge la sentimita 10 za juu ulivunje kwa vidole. Nyungunyungu wakiwa wamefanya kazi, bonge humeguka kuwa vidonge vya mviringo vyenye vijitundu, na mizizi myembamba imepita katikati yake.

Hatua ya 4: Soma rangi

Soma kwenye bonge lililovunjwa sasa hivi, likiwa na unyevu, mchana wa jua, bila miwani ya giza. Ongeza maji hadi rangi iache kubadilika. Ukiandika 5YR 3/2, ile 5YR ni aina ya rangi, ile 3 ni mwangaza na ile 2 ni ukali wa rangi.

Katika WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, udongo wa juu wenye mboji ya kutosha huwa na 3 au chini ya hapo kwa namba zote mbili, kaboni ya asilimia 0.6 au zaidi, na unene wa angalau sentimita 20. Lakini wekundu wa chuma huficha mboji. Ndiyo maana mimi husoma pia udongo wa chini wa shimo lilelile. Tofauti kati ya juu na chini hunieleza mengi kuliko weusi wenyewe.

Jihadhari na mkaa. Mkaa huacha mstari mweusi mkavu kidoleni na hukwaruza; mboji hupaka kahawia laini.

Hatua ya 5: Ipe jina

Mtaalamu wa misitu wa Denmark, Peter Erasmus Müller, alianza kuchapisha uchunguzi wake wa mboji za misitu mwishoni mwa miaka ya 1870, na mgawanyo wake wa muli na mori bado unatusaidia; moderi iliongezwa baadaye.

Muli: majani huoza haraka, hakuna tabaka la mboji tupu, na vidonge vya nyungunyungu vimejaa. Moderi: kuna tabaka la mboji tupu lenye kinyesi cha vidudu, na mpaka umefifia. Mori: mkeka mzito ulioshonwa na kuvu, unainuka kama zulia, na mpaka wake umekatika ghafla. Chini ya misindano tarajia dalili za moderi au mori, lakini amini ulichopima, si jina la mti.

Kwenye shamba linalolimwa kila msimu majina haya hayafai, kwa sababu jembe limeshavuruga matabaka. Hapo andika unene, rangi na vidonge basi.

Hatua ya 6: Chukua sampuli

Usichanganye majani na udongo. Kila tabaka na mfuko wake. Anika udongo kivulini, uchekeche kwa chekeche ya milimita 2. Maabara nyingi hupima kaboni kwa njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934, ambayo haiunguzi kaboni yote, kwa hiyo uliza kama jibu limeshazidishwa kwa 1.3 hivi. Uliza pia kama namba ni ya kaboni au ya mboji: kwa desturi kaboni huzidishwa kwa 1.724, hivyo kaboni ya asilimia 2.5 ni mboji ya asilimia 4.3. Andika jibu hilo kwenye ukurasa uleule ulipoandika vipimo vya shimo.