Kadi mbili za mtandao, seva moja: jinsi ya kuzifanya zigawane mzigo

Seva ya mafaili ikianza kuvuta saa nne asubuhi, ofisi nzima ikiwa kazini, wa kwanza kulaumiwa ni intaneti. Lakini faili linalotoka kwenye seva ya ndani halipiti intaneti. Mara nyingi kilichojaa ni kebo moja ya gigabiti 1 inayotoka kwenye seva kwenda kwenye swichi, wakati porti ya pili ya seva iko wazi inakusanya vumbi tangu siku seva iliponunuliwa.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kwenye seva ya Linux, sakinisha sysstat (programu za kupima matumizi ya seva), kisha wakati wa msongamano endesha:

sar -n DEV 1

Angalia safu ya txkB/s, yaani kilobaiti zinazotoka kila sekunde. Ikiwa inacheza kwenye 115,000 hadi 120,000, kebo imejaa kweli, na mwongozo huu ni wako. Ikiwa imekwama kwenye 40,000, usihangaike na kadi, chunguza diski. Diski moja ya kuzunguka, hata ikisoma faili kubwa kwa mfululizo, haivuki sana megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde, na ikisomewa na watu ishirini kwa mpigo hushuka vibaya. Kuiwekea diski hiyo kebo ya pili ni kupoteza muda.

Kinachogawanywa ni nini hasa

Kadi mbili zilizounganishwa huitwa bondi. Bondi haikati faili moja vipande viwili ili lipite haraka mara mbili. Inagawa mazungumzo: kompyuta hii ipite kadi ya kwanza, ile ipite ya pili. Ni kama madirisha mawili ya tiketi stendi: foleni inapungua, ila abiria mmoja hakatiwi tiketi haraka zaidi. Kwa hiyo ukijaribu kwa kunakili faili moja kwenda kompyuta moja utapata spidi ileile ya zamani, na bondi haina kosa lolote.

Kernel ya Linux ina namna saba za bondi, kuanzia 0 hadi 6. Kwa kazi hii zinazokuhusu ni tatu. Namna ya 4, 802.3ad, ndiyo bora, lakini inataka swichi inayosetiwa na inayojua LACP, lugha ambayo seva na swichi hukubaliana nayo kuunganisha kebo. Namna ya 6, balance-alb, haihitaji chochote kwenye swichi, hivyo inafaa kwa zile swichi za kawaida zisizosetiwa. Namna ya 1, active-backup, haigawi mzigo. Kadi ya pili hukaa akiba hadi ya kwanza ife. Itumie pale kebo zinapokwenda kwenye swichi mbili tofauti zisizojitambua kama swichi moja. Namna ya 0, balance-rr, inavutia kwa sababu inatupa paketi kwa zamu, moja huku moja kule, lakini paketi hufika zikiwa zimepishana, TCP (itifaki inayohakikisha data imefika) inadhani zimepotea na kuanza kuzituma upya. Iache.

Kazi yenyewe

Kama seva iko Kondoa au Mpwapwa na wewe uko Dodoma mjini, usifanye hili kwa SSH, yaani kwa kuingia kwenye seva kupitia mtandao. Kwenye seva nyingine unaweza kutumia netplan try (netplan ni zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao), inayorudisha mipangilio ya zamani usipothibitisha, lakini kwenye bondi yenye vigezo maalumu netplan yenyewe hukwambia haiwezi kurudisha. Ukikosea umejifungia nje, na kinachofuata ni nauli. Kaa mbele ya seva na skrini na kibodi, au tumia iDRAC au iLO (kifaa cha ndani ya seva za Dell au HP cha kuisimamia kwa mbali) yenye kebo yake ya peke yake.

Kama unaongeza kadi mpya ya PCIe, zima seva, chomoa nyaya za umeme zote, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu, na umeme tuli wa mwilini unaweza kuua kadi bila wewe kuhisi chochote.

Tafuta majina ya kadi:

ip -br link

Tuseme ni eno1 na eno2. Ili ujue ipi ni ipi nyuma ya seva, endesha sudo ethtool -p eno1 10. Kadi nyingi zitawasha na kuzima taa ya porti kwa sekunde 10. Bandika lebo hapohapo.

Fungua faili lililo ndani ya /etc/netplan, tunza nakala yake nje ya folda hiyo, kisha andika hivi (Ubuntu 22.04 na 24.04):

network:
  version: 2
  renderer: networkd
  ethernets:
    eno1: {}
    eno2: {}
  bonds:
    bond0:
      interfaces: [eno1, eno2]
      addresses: [192.168.10.5/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1]
      parameters:
        mode: 802.3ad
        mii-monitor-interval: 100
        lacp-rate: fast
        transmit-hash-policy: layer3+4

Anwani ya IP iko kwenye bond0 peke yake. Wapo wanaozipa eno1 na eno2 anwani mbili za mtandao mmoja bila bondi wakidhani mzigo utagawanyika. Majibu huishia kutoka kwenye kadi moja, na ARP (swali la "nani ana IP hii?") huanza kujibiwa na kadi isiyohusika. Nafasi za mwanzo wa mistari ya faili hili la YAML ni spesi, si tabu. Faili lipe ruhusa 600.

Mstari wa mwisho wa faili, transmit-hash-policy, ndio wenye maana kuliko yote. Usipouweka, Linux hutumia layer2, yaani inachagua kadi kwa kuangalia anwani za MAC, namba za kudumu za kadi za mtandao. Sasa fikiria ofisi ambayo seva iko VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) na watumishi wako VLAN nyingine: kila paketi inayotoka kwenye seva inakwenda kwenye MAC moja tu, ya ruta. Watumishi mia, MAC moja, kadi moja. Ya pili inakaa bure na bondi inaonekana nzima kabisa. layer3+4 inaangalia IP na namba za porti za TCP (namba za programu, si matundu ya kebo), kwa hiyo wanatawanyika.

Upande wa swichi, kwa Cisco:

interface range gi1/0/1-2
channel-group 1 mode active

Usiandike mode on. Hiyo inalazimisha muungano bila kuuliza upande wa pili, na seva ikiwa haijawa tayari mtandao unachanganyikiwa. Halafu kumbuka kwamba seva inaamua njia ya kutoka tu. Ya kuingia inaamuliwa na swichi, na swichi kadhaa za zamani huangalia MAC ya mtumaji. Badilisha:

port-channel load-balance src-dst-ip

Amri hii inagusa miungano yote ya swichi hiyo, si wa seva yako peke yake.

Rudi kwenye seva, sudo netplan apply, kisha soma:

cat /proc/net/bonding/bond0

Usiridhike na MII Status: up. Tafuta Aggregator ID chini ya kila kadi. Namba zikiwa sawa, zimeungana. Zikitofautiana, kadi moja inafanya kazi na nyingine inatazama. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni Speed: kebo iliyobanwa vibaya, au porti yenye vumbi, hushuka hadi 100 Mbps, na LACP haichanganyi spidi mbili. Sababu ya pili ni kebo kuchomekwa porti ya swichi isiyo kwenye kundi. Kwenye swichi, show etherchannel summary ionyeshe herufi P kwa porti zote mbili. I au s maana yake haijaungana.

Jaribu kwa iperf3, programu ya kupima spidi ya mtandao, kutoka kompyuta mbili kwa pamoja. Programu hiyo huhudumia jaribio moja kwa wakati kwenye porti moja, kwa hiyo washa mbili kwenye seva, iperf3 -s -p 5201 na iperf3 -s -p 5202, na kila kompyuta itumie yake ikiwa na -R ili data itoke kwenye seva. Jumla ikipita 940 Mbps, kadi zote zinabeba. Ikibaki 940, huenda mazungumzo yote yameangukia kadi moja kwa bahati. Ongeza -P 8 (mazungumzo manane kwa mpigo) urudie. Kisha chomoa kebo moja huku ping inaendelea. Ipotee paketi moja au mbili, si dakika nzima.

Swichi nayo iwe kwenye UPS, betri ya akiba. Ofisi nyingi huweka seva peke yake, umeme ukikatika seva inabaki hai ikiongea na swichi iliyokufa.

Kila baada ya miezi kadhaa, hasa kiangazi kikiwa kimekolea, angalia ip -s link show eno1 na eno2. Safu ya errors ikipanda upande mmoja, badilisha kebo hiyo kabla ya kufikiria kadi.